Njia Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni

Nimeshtuka. 

Saa nne asubuhi, nikiwa nafunika kitambulisho cha mteja kwa nailoni kwenye mashine ya moto, tarishi wa halmashauri akaingia dukani na bahasha yenye mhuri. Mteja akasema kitambulisho kinaungua. Sikumsikia. Barua inasema Afisa Utalii amesoma kijitabu changu, "Njia Kumi na Mbili za Korongo na Mto, Karibu na Nyumbani," amekipenda mno, na halmashauri inatafuta Msimamizi wa Njia. Cheo chenye ofisi yake. Kofia yake yenye nembo. Hapo nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikasoma aya ya pili. Afisa anakuja Jumamosi hii ili mwandishi mwenyewe amtembeze Njia Namba Saba.

Namba Saba. Kwa nini asichague Namba Moja, inayozunguka kituo cha mafuta?

Hapa niseme ukweli, maana daftari hili hulala ndani ya boksi la karatasi na hakuna anayelifungua. Sijawahi kutia mguu korongoni. Hata siku moja. Nimeliona kwa mbali nikiwa barabara kuu, na lilinitosha. Kijitabu nimekiandika humu humu dukani kwa kuuliza watu wanaokuja kutoa fotokopi. Habari za mto nilizitoa kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayekodisha mitumbwi ya plastiki chini ya daraja. Watu humwita Kasia. Na Namba Saba yote, mwanzo mwisho, niliitoa kwa Mama Mbuzi, ambaye hupitisha mbuzi wake korongoni kila siku ya Mungu.

Tena nilitumia akili. Mama Mbuzi aliniambia kutoka mdomo wa korongo hadi bwawani ni masaa sita, mbuzi wakila njiani. Mbuzi, kila mtu anajua, robo tatu ya safari yake ni kula. Binadamu hali majani. Nikagawanya kwa nne. Nikapata lisaa limoja na nusu, nikaandika.

Kofia naitaka, sikatai. Lakini kinachonitia baridi ni kingine. Kwa miezi minane, kila Jumamosi asubuhi, nimemuaga mke wangu kwamba naenda korongoni kufanya utafiti. Begi mgongoni, fimbo mkononi, uso wa mtu mwenye majukumu. Nikishapinda kona naingia mlango wa nyuma wa fundi cherehani, tunacheza drafti mpaka saa nane. Kabla ya kurudi napaka viatu vumbi. Afisa akigundua, nakosa kofia. Mke wangu akigundua, sijui nitakosa nini.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: goti.

Nilinunua bandeji, nikafunga goti la kulia, nikaingia sebuleni nikichechemea na kuguna. Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari. Ni mwalimu wa hesabu. Hata chumvi anaitia kwa kuhesabu. Akanitazama napita. Akauliza mbona bandeji iko kulia na kuchechemea kuko kushoto. Nikamwambia maumivu yanahamahama. Akasema ahaa, akarudi kwenye madaftari.

Hiyo ahaa sikuipenda.

Nikampigia Afisa kwa sauti ya mtu anayeusia watoto. Akanipa pole nyingi, akasema nisijali kabisa, nipumzike, kuna kijana mmoja wa mitumbwi amejitolea kushika nafasi yangu. Wanamwita Kasia.

Nilipigwa na butwaa. Huyu mtoto niliyemfundisha mimi kunyoa ndevu! Leo anainyemelea kofia yangu. Goti likapona pale pale kwenye simu. Nikamwambia Afisa namshukuru Mungu, limejirudi lenyewe.

Nilipokuwa nafungua bandeji uani, nikaona raba za mke wangu zimeegemezwa ukutani, vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Uwanja wa shule yao unatia aibu. Nitamwandikia mwalimu mkuu barua kali.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa pili, na huu ni moto.

Mama Mbuzi alikuja dukani kufunikiwa vyeti vya chanjo ya mbuzi, kumi na saba. Ni mama wa makamo, mkavu, haongei mpaka amalize kufikiri. Nikamuuliza kama Jumamosi atapita kule kule. Akasema mbuzi hawajui Jumamosi. Nikamwomba atoke alfajiri, atutangulie. Akasema hutoka alfajiri siku zote. Nikamuuliza, kwa upole, kama mbuzi huacha alama njiani. Akafikiri. Akanijibu, "Mwanangu, mbuzi hawana choo."

Ndicho nilichotaka kusikia. Nitafuata mavi! Mabichi, ya asubuhi hiyo hiyo. Afisa ataniona nainama na kuchunguza ardhi, atadhani nasoma miamba. Sijui kwa nini wapelelezi hawajaligundua hili.

Nikamkumbusha pia kuhusu ukurasa wa kumi na moja, nilipoandika "hatua fupi ya kupanda." Nikamuuliza ni fupi kiasi gani. Akasema pale mbuzi huruka tu. Basi. Mbuzi anafika wapi, kwenye goti langu? Nikatulia.

Akichukua vyeti vyake akauliza kama na mwalimu atakuja. Nikauliza mwalimu gani. Akasema mwalimu tu, akacheka kidogo, akaondoka. Nadhani ndilo jina la beberu.

Alhamisi, 5 Juni

Ratiba nimeipiga chapa mwenyewe, herufi nene. Saa moja asubuhi tunapanda mitumbwi darajani. Dakika arobaini, tuko mdomo wa korongo. Lisaa limoja na nusu, tuko bwawani. Saa nne na nusu nimevaa kofia.

Kasia akaja kutoa nakala za masharti yake ya usalama, hayo anayowasomea wateja kama imamu. Akaiona ratiba juu ya mashine. Akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akaketi juu ya boksi la karatasi, boksi hili hili lenye daftari hili ndani yake, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa masharti ya usalama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, shemeji, wewe ndiye mwandishi. Alitoka nje bado anacheka, nikamsikia akicheka mpaka kwa muuza vocha.

Wivu ni ugonjwa mbaya. Dakika arobaini aliniambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, hapa hapa kaunta.

Jioni nikafanya mazoezi. Niliketi ndani ya beseni la kufulia uani, nikashika fagio la mti mrefu, nikapiga makasia kulia na kushoto. Nikawa nasikia raha. Mke wangu akarudi kutoka shule, akasimama mlangoni. Sikumwona mpaka nilipogeuka, sijui alikuwa pale tangu lini. Akaja, akanishika mikono, akaitanua zaidi kwenye mti wa fagio, akanigeuza kifundo cha mkono wa kulia, akaenda zake kupika. Nikapiga tena. Beseni lilisogea.

Amejulia wapi? Basi ni damu, ndugu yake ni yule.

Ijumaa, 6 Juni

Maji yamenifika shingoni. Mke wangu anakuja kesho.

Amesema wakati anakunja nguo, bila hata kuniangalia: kesho naja na nyie. Nikamwambia Namba Saba si njia ya mtu ambaye hajazoea. Akasema atajikaza. Nikamwambia jua. Akasema ana kofia. Nikamwambia nyoka. Akauliza wakoje, nyoka wa kule. Nikamwambia warefu. Akauliza kutoka mdomo wa korongo mpaka bwawani kuna kona ngapi. Nikamwambia mtu hawezi kuzihesabu. Akasema ahaa.

Nilipomletea mswada wa kijitabu mwaka huu mwanzoni, nakumbuka alisoma usiku mmoja, akanirudishia na kusema hesabu zangu ni za ajabu. Nililichukulia kama sifa.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo umeungua na makalio hayakaliki.

Afisa ni dada mrefu mwenye daftari linaloning'inia shingoni kwa kamba. Unachosema, anaandika. Usichosema, anaandika pia. Nikapanda naye mtumbwi mmoja. Kasia na dada yake, yaani mke wangu, wakapanda mwingine. Saa moja kamili nikasukuma kasia kwa nguvu zangu zote, na mtumbwi ukaenda. Ukaenda nyuma.

Nikadhani mtumbwi una kasoro. Nikapiga zaidi. Daraja, lililokuwa nyuma yetu, likawa juu yetu, kisha likawa mbele yetu. Kasia akasogea kando yangu, akaniambia kwa adabu kubwa, ile ya kuudhi, kwamba dakika arobaini ni za kutoka korongoni kuja darajani. Za kushuka. "Maji yanatoka korongoni, shemeji."

Nilishtuka kweli kweli. Haikuwahi kunijia akilini kwamba maji yana mahali yanapotoka.

Tulipiga makasia masaa matatu. Kuna mti mmoja uliolalia maji tuliupita mara tatu, kwa sababu kila tukipumzika mto unaturudisha, tunaupita upya. Mke wangu alikuwa mbele kabisa, kasia lake likiingia majini bila kurusha hata tone, na kila baada ya muda alikuwa akitungoja kivulini, mgongo wima, hana hata jasho. Afisa akaniuliza zile dakika arobaini zimekwenda wapi. Nikamwambia niliandika kwa ajili ya kiangazi. Akasema sasa ni kiangazi. Akaandika.

Tulifika mdomo wa korongo saa nne, na hapo nikapata mshtuko mwingine, wa namna nyingine. Kuta nyekundu pande zote mbili, ndefu kupita mnara wa simu, na juu kabisa kipande chembamba cha mbingu. Kimya, mpaka unasikia kokoto ikiteleza mbali huko. Mimi niliandika "mandhari ya kupendeza." Nilisimama pale nikasahau kwamba mimi ni mwongo. Nadhani nilisimama muda mrefu, kwa sababu nilipogeuka mke wangu alikuwa haangalii kuta, ananiangalia mimi.

Kisha Afisa akauliza twende wapi. Njia ilikuwa inagawanyika, kulia na kushoto. Nikainama. Kushoto! Mavi ya mbuzi, mabichi, yanang'aa kama kahawa iliyokaangwa. Nikayachungulia, nikanusa hewa, nikatikisa kichwa kama daktari, nikaongoza. Nilisikia kalamu ya Afisa nyuma yangu. Mke wangu akaitazama njia ya kulia, kisha akanifuata.

Tukapanda lisaa zima. Mavi yakazidi kuwa mengi, nikaona ni dalili njema. Nikaanza hata kueleza mambo ya miamba. Nikapinda kona ya mwisho nikiwa nimenyoosha mkono kumwonyesha Afisa bwawa, na mkono ukaonyesha uzio wa miiba, ndoo, kamba ya kuanikia nguo, na beberu mmoja mwenye mguu mbovu aliyeachwa nyumbani. Zizi la Mama Mbuzi.

Alitoka nyumbani kwake alfajiri akaenda korongoni. Mimi nikatoka korongoni nikafuata mavi mpaka nyumbani kwake. Mavi hayana mshale.

Afisa akauliza kama hapa ndipo bwawani. Kabla sijajibu, mbwa wa zizi akatoka mbio. Mbwa mkali, meno nje. Kasia akaruka juu ya jiwe, mimi nikajificha nyuma ya Afisa, naandika hivi bila kujivunia. Mbwa akatupita sote, akaenda kwa mke wangu, akajilaza chali miguuni pake, mkia unafagia chini. Mke wangu akamkuna tumbo na kumwita kwa jina lake.

Mbwa hawadanganyi, wala hawasingizii utafiti.

Mke wangu akasema, kwa sauti ile ya darasani, kwamba turudi kwenye mgawanyiko, tushike kulia, tutaona mawe matatu yamepangwa moja juu ya jingine. Tukarudi. Tukayaona. Akaongoza. Kona ya kwanza, ya pili, akawa anazitaja kwa namba bila hata kufikiri. Zipo kumi na tisa. Kwenye kona ya kumi na moja tukafika kwenye "hatua fupi" ya ukurasa wa kumi na moja. Ni ukuta. Ukuta wa jiwe uliolainishwa na maji ya miaka, mara mbili ya kimo changu. Mbuzi wa Mama Mbuzi si wanyama, ni ndege.

Mke wangu akaweka mguu kwenye ufa, mkono kwenye nundu, akawa juu. Akaturushia maelekezo: kidole hapa, kisigino pale, usitazame chini, pumua. Afisa akapanda. Mimi nikakwama katikati, shavu kwenye jiwe. Kasia akanisukuma kutoka chini kwa bega, Afisa akanivuta kwa mkanda wa begi, na nilipofika juu nikiwa nimelala kama gunia, Afisa akafungua daftari akaandika kitu kirefu.

Saa nane na nusu tukafika kwenye jiwe moja bapa, pana kama kitanda, kivulini. Bwawa lipo hatua chache mbele. Afisa na Kasia wakaenda kuliangalia. Tukabaki wawili. Mke wangu akafungua begi lake, akatoa chupa ya chai, ile ya bluu, na vikombe viwili. Nikasema vizuri umekumbuka kubeba viwili. Akasema yeye hubeba viwili siku zote.

Kisha akaniambia. Hakupaza sauti. Jumamosi ya kwanza, mwezi wa kumi, baada ya mimi kuaga, alinunua ile chupa, akajaza chai, akamwomba Kasia amlete. Alitaka kunishtukiza. Njia ya kufika bwawani ni moja tu, haiwezekani watu wawili wapishane bila kuonana. Akamkuta Mama Mbuzi, wakatembea pamoja, akaketi kwenye jiwe hili hili kunisubiri. Chai ikapoa. Jumamosi ya pili akafikiri alichelewa, akaja mapema zaidi. Akasubiri tena. Jumamosi ya tatu, akirudi, akapita nyuma ya fundi cherehani, dirisha lilikuwa wazi, akaona mgongo wangu na mkono wangu ukila kete.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja niseme mimi. Halafu, akasema, miguu ikawa imeshazoea, akawa anakuja kwa ajili yake mwenyewe. Miezi minane. Na kila mara vikombe viwili, kwa sababu huwezi kujua.

Nilikuwa na maelezo matatu tayari kichwani, mazuri, moja lilikuwa na goti. Hayakutoka. Nilijisikia mdogo kuliko yule beberu mwenye mguu mbovu. Miezi minane, na mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja yeye Jumamosi anashinda wapi.

Afisa aliporudi, nikajua yamekwisha. Akauliza, kalamu mkononi, hiki kijitabu hasa kimeandikwaje. Mke wangu akamimina chai. Akasema tumegawana kazi: yeye hutembea, mimi huandika, na kuna hesabu chache za kusahihisha. Hakunitazama. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa ya moto.

Kurudi tulishuka na mto. Kasia alisoma saa kwa sauti. Dakika thelathini na nane.

Jumapili, 8 Juni

Malengelenge tisa. Msuli wa paja umekaza, napanda kitanda kwa kujiviringisha.

Mke wangu hajanigombeza. Nilijiandaa kugombezwa tangu asubuhi, nikawa nazunguka nyumbani na uso wa kugombezwa, hakuna kitu. Hali hii mimi siiwezi. Akanipaka dawa mgongoni, akahesabu malengelenge, akaniambia limebaki moja ambalo sikuliona.

Halafu akasema ana jambo moja tu analolitaka. Jumamosi ijayo, twende wawili. Bila Afisa, bila Kasia, bila kijitabu. Tukakae kwenye lile jiwe, tunywe chai, turudi. Basi. Hilo tu, akasema, na ya nyuma yote atayafuta.

Nilimwapia. Nikamshika mkono nikamwapia, na machozi yalinilenga, sina sababu ya kudanganya humu. Nimekuwa mjinga mtu mzima. Kuanzia leo mimi na uongo mbalimbali.

Jumatatu, 9 Juni

Tarishi tena. Bahasha tena.

Msimamizi wa Njia ni mke wangu. Ataanza likizo ya shule. Barua inamsifu kwa "ujuzi wa ardhi, utulivu na lugha ya maelekezo." Mimi nimetajwa mstari wa mwisho, kwamba halmashauri inatambua mchango wa "mume wake, ambaye pia alikuwepo."

Ambaye pia alikuwepo. Nimeisoma mara sita.

Kofia ilikuja na barua, ndani ya karatasi laini. Kabla hajarudi kutoka shule nikaijaribu mbele ya kioo. Inanitosha kama nimepimiwa! Nimeirudisha kwenye karatasi yake, lakini nembo imegeukia upande mwingine kidogo, natumaini hatahesabu.

Kasia amepita dukani kunipongeza kwa kuwa mume wa mkubwa. Nilimtolea nakala zake upande mmoja zikiwa nyeusi tii.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nzuri. Tumekaa na mke wangu uani mpaka jua linazama, nikamuuliza yote kuhusu Jumamosi. Alifurahi sana kuulizwa. Uso wake ulifunguka, sijamwona hivyo siku nyingi. Akanieleza jua linaingia korongoni saa ngapi na linagusa ukuta upi kwanza. Ndege weusi wenye mabawa ya rangi ya kutu kwenye kona ya sita. Mwangwi wa kona ya tisa, ukikohoa unakoholewa mara mbili. Harufu ya maji kabla ya kuyaona. Nikamuuliza muda wa kila kipande, akanipa, na safari hii sikugawanya kwa chochote.

Aliniuliza kwa nini naandika. Nikamwambia nataka nisisahau.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ambayo sitaisahau maishani. Tulitoka wawili tu, kabla jua halijawa kali. Korongo lilikuwa limenyamaza. Jua liligusa ukuta wa kushoto kwanza, kama alivyosema. Kona ya sita tukawaona ndege weusi, mabawa ya rangi ya kutu. Kona ya tisa nikakohoa, nikakoholewa mara mbili, tukacheka mpaka tukashikana. Ukuta nilipanda bila kusukumwa. Mke wangu akasema hajawahi kuona mtu akijifunza haraka vile. Tukakaa kwenye jiwe bapa, akamimina chai, akaniambia yamekwisha, ya nyuma ameyafuta. Nilijisikia mtu mpya.

Haya nayaandika leo Ijumaa jioni, dukani, kwa kuwa hakuna wateja na maelezo bado mabichi. Si uongo, ni maandalizi. Fundi cherehani amepita hapa saa tano, amepata bodi mpya ya mninga, kete zake zimechongwa kwa mkono, na kesho asubuhi yuko peke yake. Michezo miwili tu. Mitatu ikizidi, kisha nimfuate mke wangu. Safari hii hakuna pa kukosea, kila kitu cha korongo nimekitoa kwa mke wangu mwenyewe, mpaka ndege.

Na kwa kweli goti limeanza kuuma tena, la kushoto, nimeandika mkononi nisilisahau. Nimempigia simu mke wangu nikamwambia kesho atangulie, nitamkuta pale kwenye jiwe. Akasema ahaa. Kisha nikasikia bomba likifunguliwa, anasuuza vikombe. Viwili.